Kuyeyuka, Kuchanganya na Kuliwa na Kutu: Tahakiki ya Vitenzi vya Kemia katika Kiswahili

Utangulizi

Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umekuwa mjadala wa nomino. Tangu Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, mwaka huohuo lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, wanaistilahi wametumia nguvu nyingi kutafuta majina ya vitu. Juhudi hizo zimezaa matunda. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na leo hii mwalimu hakosi neno la kuanzia somo lake. Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Maada ina hali tatu za kawaida: yabisi, kimiminika na gesi. Imejengwa kwa atomi na molekuli. Hakuna haja ya kuyabishania tena maneno haya.

Hata hivyo, kemia si orodha ya vitu. Ni elimu ya mabadiliko ya vitu, na mabadiliko husemwa kwa vitenzi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba nomino za kemia zimesanifiwa, lakini vitenzi tunavyovitumia kuzieleza vimeachwa vilivyo, na kwamba baadhi yake vinamfundisha mwanafunzi kinyume cha kile kitabu kinachosema. Aidha, tutadai kwamba kulirekebisha jambo hili ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili kabla ya kuwa kazi ya mwalimu wa kemia.

Mifano yetu tumeichukua Bwera na sehemu nyingine za wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kwa sababu mbili. Kwanza, Bwera ni mji wa mpakani. Mtoto wa huko huzungumza Lhukonzo nyumbani, husikia Kiswahili cha Kongo kwa wafanyabiashara wanaovuka Mpondwe, husoma Kiswahili sanifu darasani, na hufanya mtihani wa kemia kwa Kiingereza. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo mtoto huyu si mgeni tena katika madarasa yetu. Pili, katika wilaya hiyo kemia haifichwi ndani ya maabara. Iko ziwani, mgodini, kiwandani na sokoni.

Chumvi ya Katwe: je, inayeyuka?

Kusini-mashariki mwa Bwera liko ziwa Katwe, ziwa la volkeno ambalo watu wamevuna chumvi kwa vizazi vingi. Kandokando ya ziwa yamechimbwa mabwawa madogo. Maji huingia, jua huyakausha, na chumvi hubaki. Mwalimu yeyote angependa mfano huu. Shida huanza anapotaka kueleza jinsi chumvi ilivyoingia ndani ya maji. Atasema: "Chumvi imeyeyuka." Somo linalofuata atazungumzia barafu juani au samli kikaangoni, naye atasema tena: "Imeyeyuka."

Kwa mkemia haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Barafu inapogeuka maji, kitu ni kimoja tu na kinachohitajika ni joto. Chumvi inapoingia majini, vitu ni viwili, na chembe za kimoja husambaa katikati ya chembe za kingine. Chumvi ya mezani haiyeyuki, kwa maana ya barafu kuyeyuka, mpaka ifikie nyuzijoto 801 za Selsiasi. Hakuna jua la Katwe litakaloifikisha huko. Lakini ndani ya mililita 100 za maji ya kawaida zitaingia takriban gramu 36 za chumvi hiyohiyo bila moto wowote. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba yote mawili ni kuyeyuka atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni nani aliyeyapasha maji ya Katwe joto.

Kiswahili kina dawa ya tatizo hili. Kumumunya ni kukiacha kitu kiishe polepole mdomoni bila kukitafuna, kama peremende inavyoliwa. Kutokana na kitenzi hicho tumepata kumumunyuka na mmumunyo. Ndani ya neno hilo vitu viwili tayari vipo: kinachomumunyuka na mate yanayokimumunyua. Ni istilahi nzuri kwa sababu picha yake ni sahihi. Ajabu ni kwamba vitabu vingine bado vinasema myeyusho, na mwalimu mmoja huweza kutumia mmumunyo ubaoni na kuyeyuka mdomoni. Nomino imesanifiwa, kitenzi kimebaki nje.

Kuna kosa la tatu ambalo ni baya zaidi, nalo limeanza kuonekana katika maelezo ya dawa na usafi yaliyotafsiriwa kwa haraka. Huko tunasoma kuhusu "suluhisho la klorini" au "suluhisho la chumvi". Suluhisho huletwa na wazee pale ndugu wanapogombana. Maji na chumvi havikugombana. Mtafsiri ameona neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua ile isiyohusika. Tunaliona neno hili kuwa kosa la wazi, wala halistahili kuitwa tofauti ya lahaja.

Kabla hatujaondoka Katwe tuangalie jambo moja ambalo sarufi yetu inalifanya vizuri kuliko tunavyodhani. Maji ya ziwa lile hayana sodiamu kloraidi peke yake. Yana pia sodiamu kabonati na salfati. Katika kemia zote hizi huitwa chumvi. Nomino chumvi haibadiliki katika wingi, lakini upatanisho wake hubadilika: chumvi ya Katwe ni ile ya mchuzi, ilhali chumvi za Katwe ni kundi zima la misombo iliyomo ziwani. Herufi moja ya upatanisho imebeba somo. Zaidi ya hayo, Waswahili walikwisha kuitenga chumvi yenye kabonati kwa jina la pekee, magadi, na mpishi yeyote ajuaye kulainisha maharage kwa magadi anajua kwamba si chumvi ya kuungia. Mwalimu anayeanza na ujuzi huu wa jikoni hatahitaji kuwakaririsha wanafunzi kwamba chumvi ziko za aina nyingi.

Kuchanganya si kumenyuka

Kitenzi cha pili ni kuchanganya. Kwa Kiswahili cha kila siku tunachanganya mchanga na saruji, maziwa na chai, lugha mbili katika sentensi moja. Kemia inahitaji kutofautisha mambo mawili hapa. Katika mchanganyiko, kila kitu hubaki kilivyokuwa na huweza kutenganishwa tena, kama Katwe inavyotuonyesha: jua likiondoa maji, chumvi inarudi. Katika mmenyuko wa kikemia, vitu vya mwanzo hutoweka na vipya huzaliwa. Sodiamu ni metali inayowaka inapogusa maji, klorini ni gesi ya sumu, lakini vikiungana tunapata chumvi tunayoila.

Hapa si suala la alama za mtihani tu. Juni 2019 wagonjwa wa Ebola waliovuka kutoka Kongo walitambuliwa wilayani Kasese na kupelekwa katika kituo maalumu cha matibabu cha hospitali ya Bwera. Katika kipindi hicho maji ya klorini yalikuwa silaha ya kila siku mpakani na katika vituo vya afya. Viwango vilivyozoeleka katika mapambano na ugonjwa huo vilikuwa viwili: asilimia 0.05 kwa mikono na asilimia 0.5 kwa sakafu na vifaa. Ukiwa na dawa ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi huiita jiki, yenye nguvu ya asilimia 5, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji hutoa asilimia 0.5, na sehemu moja kwa sehemu 99 hutoa asilimia 0.05.

Kuitia dawa hiyo majini ni kuipunguza nguvu. Kwa lugha ya mtaani ni kuchanganya. Kumwaga dawa hiyohiyo juu ya kisafishio cha choo chenye asidi nako ni kuchanganya kwa lugha ya mtaani. Lakini tendo la kwanza linatoa maji ya kunawa, na la pili linafukuza gesi ya klorini inayounguza mapafu. Gesi hiyo ndiyo iliyotumika kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Kitenzi kimoja kinaficha mstari uliopo kati ya usafi na sumu. Tukimwambia mtu "usichanganye" bila kumwambia kwamba vitu hivi viwili vitamenyuka na kuzaa kitu cha tatu, tumempa amri bila maarifa, naye akikuta chupa ya aina nyingine kesho hatajua la kufanya.

Vilevile, kwa nini maji ya klorini hutengenezwa upya kila siku? Kwa sababu klorini humenyuka na uchafu inaokutana nao, na mwanga wa jua huivunja. Tukisema tu "dawa imechacha" tunamfikirisha msikilizaji juu ya maziwa au uji, mambo ya vijidudu. Hapa hakuna kilichochacha. Dawa imetumika katika mmenyuko.

Sasa tulihakiki neno mmenyuko lenyewe. Msikilizaji wa kawaida husikia ndani yake kumenya, yaani kuondoa ganda la chungwa au ndizi. Kiambishi -uk- kinaongeza hisia ya kitu kubanduka. Hiyo ni nusu ya ukweli: katika kila mmenyuko kuna vifungo vinavyovunjika, lakini kuna na vingine vinavyofungwa. Kama tungeanza upya leo, huenda tungetafuta kitenzi chenye kiambishi cha kutendana, kwa kuwa Kiswahili kinasema vizuri kwamba sodiamu na klorini huungana, au kwamba asidi na besi hukabiliana. Hatupendekezi neno lifutwe. Limekwisha kuzoeleka, na kulibadili kutaleta mkanganyiko zaidi ya faida. Tunachopendekeza ni mwalimu alifundishe pamoja na jozi yake: palipo na kumenyuka, aulize nini kimeachana na nini kimeungana na nini.

Nani anakula chuma?

Kitenzi cha tatu ni kula. Tunasema chuma kimeliwa na kutu, kama vile kutu ni mdudu aliyetoka nje. Usemi huu ni mzuri katika ushairi na mawaidha, lakini kwa mwanafunzi wa kemia una makosa mawili. Kwanza, kutu haitoki nje ikakila chuma. Kutu ni chuma hichohicho kilichoungana na oksijeni mbele ya maji. Pili, kinacholiwa hupungua, ilhali chuma kinachopata kutu huongezeka uzito kabla kutu haijabanduka. Tukiacha kando maji yaliyomo ndani ya kutu, gramu 70 za chuma huchukua gramu 30 za oksijeni, zikawa gramu 100 za oksaidi ya chuma.

Katwe inatufaa tena hapa. Katika miaka ya 1970 ulianzishwa mradi wa kiwanda cha kisasa cha kusafisha chumvi ya ziwa lile. Hakikudumu. Maji makali ya ziwa yaliharibu mabomba, na majengo yakabaki magofu. Ukisema mabomba "yaliliwa", umesimulia msiba. Ukisema chumvi iliyomumunyuka majini huharakisha kuungana kwa chuma na oksijeni, umeeleza sababu, na mtu anayejua sababu anaweza kuuliza kwa nini mabomba ya aina nyingine hayakutumika. Hapo ndipo tofauti ya lugha mbili inapoonekana: moja inalalamika, nyingine inapanga.

Hatutaki kukihukumu kitenzi kula bila kukisikiliza. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kuzalisha mwaka 1956 na kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyuma yake lilibaki Kasese lundo kubwa la mabaki yenye chuma, salfa na kobalti. Kuanzia mwaka 1999 kiwanda mjini Kasese kilitumia bakteria kuitoa kobalti ndani ya mabaki hayo. Bakteria hao hupata nishati kutokana na chuma na salfa vilivyomo ndani ya jiwe, kwa hiyo kusema kwamba wanakula jiwe si mbali na ukweli. Lundo hilohilo lilipoachwa kwenye mvua na hewa, lilitoa asidi ya salfa iliyotiririka mabondeni na kuharibu mimea mpaka ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja, mwanafunzi ataona kwamba swali si kama usemi ni wa mafumbo au la. Swali ni kama fumbo limelenga.

Makaa yanapoisha

Kitenzi cha nne kinajificha kwa sababu tunakitumia bila kufikiri: kuisha, pamoja na nduguye kuteketea. Katika masoko ya mpakani gunia la makaa ni bidhaa ya kila siku. Ng'ambo ya mpaka huitwa makala, jambo linalowachekesha wanafunzi wetu wanaodhani makala ni kazi ya kuandikwa. Makaa yakiwaka mpaka mwisho tunasema yameisha, hubaki majivu kiganjani. Mtoto anajifunza kwamba maada inaweza kwisha.

Mfaransa Antoine Lavoisier, aliyechapisha kitabu chake cha misingi ya kemia mwaka 1789, alijulikana kwa kupima uzito wa vitu kabla na baada ya mmenyuko. Alionyesha kwamba jumla haipungui. Kilo 12 za kaboni safi zinapoungua kikamilifu huchukua kilo 32 za oksijeni kutoka hewani na kutoa kilo 44 za kaboni dioksaidi. Hakuna kilichokwisha, kimehamia mahali ambapo macho hayafiki. Kiwanda cha saruji cha Hima, katika wilaya hiyohiyo, kinatupa hesabu nyingine. Tani 100 za kalisi kabonati safi zikichomwa hubaki tani 56 za chokaa, na tani 44 huondoka kama gesi. Wenzetu wa pwani waliochoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea walikuwa wakifanya mmenyuko uleule.

Na hapa pia maisha yamo ndani ya kitenzi. Watu wengi huliingiza jiko la makaa ndani usiku wa baridi baada ya kuona kwamba moshi "umeisha". Moshi unaoonekana umeisha kweli, lakini makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua waliolala. Anayeamini kwamba kisichoonekana kimekwisha ataufunga mlango. Anayejua kwamba maada haipotei atauliza imekwenda wapi, naye ataliacha jiko nje.

Pingamizi

Msomaji anaweza kutupinga kwamba lugha ya watu haiamriwi. Sukari imeyeyuka kwenye chai tangu chai ilipofika Afrika Mashariki, na itaendelea kuyeyuka. Tunakubali. Hatumwombi mama muuza chai abadili usemi wake. Neno huweza kuwa na maana mbili katika nyanja mbili, na watu wakaelewana. Kwa mwanafizikia, mtu aliyesimama na mzigo kichwani kutwa nzima bila kuuinua wala kusogea hakuufanyia mzigo ule kazi yoyote. Mtu huyo akilisikia hilo atakasirika, na wote wawili wako sahihi. Tunachodai ni kwamba darasani mpaka kati ya maana hizo utajwe waziwazi, usiachwe mwanafunzi auvumbue mwenyewe siku ya mtihani.

Wengine watasema tukope vitenzi kama tulivyokopa oksijeni. Kukopa nomino ni rahisi kwa sababu nomino huingia na kukaa. Kitenzi lazima kinyambulike: kitendeke, kitendeshe, kitendane. Kumumunyuka kunatupa kumumunyua na kumumunyisha mara moja. Hiyo ni mali ambayo hatuna sababu ya kuitupa.

Hitimisho na mapendekezo

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila istilahi ya kemia ifundishwe pamoja na kitenzi chake, na vitabu viache kutumia mmumunyo na kuyeyuka kwa jambo lilelile. Pili, walimu wa Kiswahili na wa kemia wa shule moja wakae pamoja walau mara moja kwa muhula wapitie vitenzi vya mada inayofuata. Shule za Bwera, zenye lugha nyingi ndani ya darasa moja, zinafaa sana kuanza. Tatu, wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha waandike vitenzi wanavyovisikia kwa wanafunzi, pamoja na vile vya Lhukonzo na vya Kiswahili cha Kongo, wavilete idarani vijadiliwe. Huenda miongoni mwake kimo kitenzi kinachosema kumenyuka vizuri kuliko tulichonacho.

Kamusi ya mwaka 1990 ilitupa majina. Deni lililobaki ni la vitenzi, na linatuhusu sisi tunaofundisha lugha.